Kituo cha Ngapi Njiani Meru?

Usa River, Arusha

Mpwa wangu,

Mlima leo umekaa wazi tangu asubuhi. Nimelifungua lile faili la GPX pamoja na jedwali lako la vituo. Pole kwa kukesha, ila kompyuta haijakosea hesabu. Imejibu ulichouliza, wala si ulichokusudia.

`position()` ya XSLT haijui mlima, haijui hata faili. Inajua foleni tu: nodi zilizoitwa na `apply-templates` au `for-each` kwa wakati ule, na hii inayohudumiwa sasa ni ya ngapi. Ulipoandika `<xsl:apply-templates/>` bila `select`, uliwaita watoto wote wa `gpx`, zikiwemo nafasi tupu na mistari mipya iliyo kati ya kituo na kituo. Hizo nazo ni nodi, nodi za maandishi. Ndiyo maana Geti la Momella limepata 2, Miriakamba 4, Saddle 6, na Socialist Peak, kituo chako cha saba, ikaangukia 14. Kwa mwenzako namba zimetoka sawa kwa kuwa anatumia MSXML, ambayo kwa kawaida huzitupa nafasi hizo inaposoma faili. Usimwonee wivu. Siku akihamia programu kama Saxon, isiyozitupa, atakuja kukuuliza wewe.

Dawa ni kuita kwa jina: `select="g:wpt"`. Hiyo `g:` usiiache. GPX hutangaza anwani yake juu kabisa ya faili, `http://www.topografix.com/GPX/1/1`, na katika XSLT 1.0 ukiandika `wpt` tupu bila kiambishi kilichofungwa kwenye anwani hiyo, hutapata kitu.

Sasa hilo la bosi wako, kwamba ukurasa uanzie kileleni, mita 4,562, ushuke hadi getini. `xsl:sort` kwa `g:ele`, yaani mwinuko, ikiwa na `data-type="number"` na `order="descending"`, itakupangia, lakini foleni hupangwa kwanza ndipo watu wahesabiwe. Socialist Peak itakuwa namba 1, na mgeni atasoma kwamba safari inaanzia kileleni. Wapagazi watacheka mpaka basi. Hapo achana na `position()`, andika `count(preceding-sibling::g:wpt) + 1`, au `<xsl:number/>` peke yake. Zote mbili hutazama mpangilio wa faili lenyewe, hivyo Miriakamba itabaki 2 hata ukiipeleka mwisho wa ukurasa. Mimi napenda `xsl:number`. Ni fupi na anayekuja baada yako ataielewa.

Ila usiibebe ile `count` ukaipeleka kwenye nukta za njia, zile `trkpt`. Kipande chenye nukta 3,000 kitaifanya programu irudi nyuma kuhesabu karibu mara milioni 4 na nusu, kwa sababu kila nukta inawahesabu upya wote waliotangulia. Nukta hazihitaji kupangwa upya, kwa hiyo huko `position()` inatosha kabisa.

Na hapo kwenye nukta kuna mtego ambao hujakutana nao bado. Mwongozaji wenu alizima GPS kila usiku kutunza betri, na kifaa kikiwashwa tena huanza kipande kipya, `trkseg`. Faili lako lina vipande vinne, kimoja kwa kila siku. Ukitafuta mwanzo wa safari kwa `//g:trkpt[1]`, utaletewa nukta nne: ya Momella, ya Miriakamba, ya Saddle, na ile ya asubuhi ya kuteremka. Maana `[1]` hapo ni wa kwanza kwa mzazi wake, na wazazi ni wanne. Ukitaka nukta moja ya safari nzima, funga kwa mabano: `(//g:trkpt)[1]`. Nimeona watu wazima, wenye vyeti ukutani, wakizunguka na hilo siku nzima. Lakini usilifute lile la kwanza. Kwa jedwali la "tulianzia wapi kila siku" ndilo hasa unalolitaka.

Jambo la mwisho: ukiingia `for-each` ya ndani, foleni inabadilika na namba ya nje inapotea. Ihifadhi kwenye `xsl:variable` kabla hujaingia.

Nitumie tena ukishabadilisha, na uniambie mwongozaji alizima GPS saa ngapi pale Saddle. Muda wa nukta za siku ya tatu unaniletea mashaka. Msalimie mama yako.

Mjomba wako