Toleo Lipi Ndilo Kazi? Tafakuri juu ya Feed Me Weird Things

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hukabiliwa na swali moja kila ashikapo utungo mkongwe: je, nuskha ipi ndiyo kazi yenyewe? Al-Inkishafi, kwa mfano, imetufikia kwa miswada isiyolingana kwa idadi ya beti, na kila mhariri ameamua kwa njia yake. Aghalabu twadhani kwamba tatizo hili ni la kalamu na karatasi, na kwamba kazi za zama zetu zimeepukana nalo. Makala haya yanakusudia kuitilia shaka dhana hiyo kwa kuiangalia santuri moja niipendayo, Feed Me Weird Things, ya Mwingereza Tom Jenkinson, ajulikanaye kwa jina la usanii la Squarepusher.

Santuri hii ni ya utanzu wa dramu na besi, uliochipuka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Fani yake imejengwa juu ya udondoaji. Watunzi walichukua mapigo machache ya ngoma kutoka santuri za zamani, hasa za Wamarekani weusi, wakayakata vipande kwa mashine na kuyapanga upya kwa kasi ya mapigo kati ya 160 na 180 kwa dakika, huku besi nzito ikienda polepole chini yake. Dondoo mashuhuri kuliko yote, lisilozidi sekunde chache, latoka katika "Amen, Brother" ya kundi la The Winstons (1969). Jenkinson aliipokea kaida hii na kuikiuka papo hapo. Ngoma zake zimekatwakatwa hata mchezaji hajui aweke wapi mguu. Na juu yake yeye mwenyewe hupiga gitaa la besi kwa vidole, kwa ustadi wa wanajazi. Mvutano huu baina ya mkono na mashine ndio, kwa maoni yangu, kiini cha maudhui yake.

Toleo la kwanza lilitolewa mwaka 1996 na Rephlex, kampuni ndogo iliyoasisiwa mwaka 1991 na Richard D. James (Aphex Twin) pamoja na Grant Wilson-Claridge. Lilikuwa na nyimbo 12. Maelezo ya jaladani yaliandikwa na James mwenyewe, kwa jina alilolivuruga makusudi; yaani, kijana wa miaka 21 alitambulishwa kwa hadhira na msanii aliyekwisha kupata jina. Lakini nyimbo zenyewe hazikufafanuliwa. "Windscale 2" yataja mahali palipozuka moto katika mtambo wa nyuklia mwaka 1957. "North Circular" ni barabara ya London. Msikilizaji aliachiwa ajitafutie uhusiano wa jina na sauti.

Toleo la pili lilitolewa na kampuni ya Warp mwezi Juni 2021, baada ya miaka 25. Sauti iliandaliwa upya kutokana na kanda asilia, kikaongezwa kijitabu chenye sherehe ya mtunzi mwenyewe juu ya nyimbo zake, na zikaongezwa nyimbo mbili zilizokuwamo katika santuri fupi ya Squarepusher Plays... ya 1996. Kwa wanunuzi wa santuri, nyimbo hizo ziliwekwa katika sahani ya peke yake ya inchi 10. Katika toleo la kidijitali zimefuatia moja kwa moja "Future Gibbon", wimbo uliokuwa tamati. Hivyo toleo moja la 2021 limehifadhi mwisho wa 1996, na jingine limeuhamisha, ingawa yote mawili yana jina moja na tarehe moja.

Yapo ya kulitetea toleo hili. Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa adimu, na msikilizaji aliye mbali na maduka ya Ulaya hakuwa na njia halali na nyepesi ya kuipata. Tena mtunzi ana haki ya kusema juu ya kazi yake. Hata hivyo, asemaye katika sherehe ni mtu wa miaka 46 akimfasiri kijana wa 21. Ushahidi wake ni wa thamani, lakini hauna mamlaka ya hukumu. Nimeona katika semina zetu jinsi mwanafunzi apatapo maelezo ya mtunzi anavyoacha kuusoma utungo na kuanza kumnukuu mtunzi. Kazi yenye maana nyingi hubakiwa na moja.

Ndiyo maana napendekeza nidhamu ileile tuifuatayo katika miswada. Mhakiki ataje toleo analolihakiki. Asikilize kwanza nyimbo 12 kwa mpangilio wake, bila kijitabu, kisha ndipo aifungue sherehe na kuipima kwa masikio yake. Akikuta maneno ya mtunzi yanapingana na aliyoyasikia, asiharakishe kuyafuta aliyoyasikia. Ayaandike yote mawili, kama mhariri mwaminifu aandikavyo pambizoni tofauti za nuskha, na amwachie msomaji nafasi ya kuamua.