Hilux ya Simanjiro, RAV4 ya Uzeeni

Nilipofunga duka langu la dawa za mifugo mwishoni mwa mwaka 2021, nikiwa na umri wa miaka 65, nilikuwa na gari moja tu: Toyota Hilux nyeupe, kabini mbili, injini ya dizeli ya lita 2.8, iliyotoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo naendesha RAV4. Wazee wenzangu hapa Usa River wameniuliza mara nyingi kwa nini niliachana na gari la kazi ambalo bado liliwaka vizuri asubuhi, nikachukua gari wanaloliona la kupelekea watoto shule. Jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu huwezi kulielewa bila kujua lile gari la kwanza lilikuwa likibeba nini.

Lilikuwa likibeba naitrojeni.

Nieleze kwa wasiojua kazi yetu ya udaktari wa mifugo. Ndama wa Kimasai wamekufa kwa vizazi vingi kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Wafugaji wanauita oltikana, sisi wa Kiswahili tunauita ndigana kali. Chanjo yake ilianzia Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na ni chanjo ya aina yake: ndani yake mna vimelea hai vya ugonjwa wenyewe. Ndama anachomwa vimelea hivyo, na papo hapo anachomwa dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, ili ugonjwa upite mwilini bila kumuua. Akishavuka hapo, kinga yake ni ya maisha. Lakini vimelea hai havisafiri kwenye kasha la barafu. Vinakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kila mrija mdogo unaotolewa mtungini una dozi za ndama kadhaa kwa mpigo. Ukishauyeyusha una saa chache tu. Kwa hiyo daktari hafiki bomani kwa ndama wawili. Anapanga na wafugaji siku nyingi kabla, ndama wanakusanywa kutoka maboma ya jirani, na siku hiyo gari lisipofika, kazi ya watu wengi imeharibika.

Naitrojeni ina tabia moja ambayo kila anayeibeba lazima aiheshimu. Muda wote inachemka polepole na kuvuja kama hewa. Lita moja ya maji yake hutoa takriban lita 700 za hewa. Haina rangi wala harufu, na kwenye nafasi iliyofungwa inaisukuma nje oksijeni bila mtu kuhisi chochote. Anasinzia, basi. Ndiyo maana mtungi wangu ulikaa kwenye bodi la nyuma, juani na upepo ukipita, umesimama wima ndani ya fremu ya mbao niliyochongesha, umefungwa kwa mipira ya tairi. Mimi na msaidizi wangu tulikaa mbele, na kati yetu na mtungi palikuwa na ukuta wa chuma na kioo. Kwa miaka yangu yote ya uchanjaji, ukuta ule ndio niliouthamini kuliko kitu chochote kwenye gari lile.

Nilisomea udaktari wa mifugo Morogoro, kitivo kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hakijaanzishwa mwaka 1984. Serikali ikanipeleka mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulimeza hata Manyara ya leo. Miaka ile ya Land Rover za idara naipitia haraka: gari lilikuwepo, mafuta hayakuwepo, na majosho yalikuwa yanakauka moja baada ya jingine. Jambo moja siwezi kulipita. Mwaka 1997 sotoka ilivuka mpaka kutoka Kenya, na tukamwagwa maofisa wote wa kaskazini kuchanja ng'ombe hadi ilipozimwa. Haikurudi tena Tanzania. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili kutokomezwa na binadamu baada ya ndui. Nilisikia habari ile redioni nikiwa naendesha, nikasimamisha gari pembeni nikamshukuru Mungu.

Baada ya sotoka niliacha kazi ya serikali. Sera ya wakati ule iliwahimiza madaktari wa mifugo wajitegemee, na mimi nilikuwa na nguvu. Hilux niliinunua mwaka 1999 kwenye mnada wa magari ya mradi uliokuwa umefika mwisho, kwa akiba yangu na mkopo wa shemeji. Springi zake zilikuwa za majani mbele na nyuma, ngumu, zinazotikisa figo. Lakini jani likikatika Naberera, fundi wa Naberera alilitengeneza. Injini yake haikuwa na kompyuta yoyote. Palipokuwa na tope, msaidizi alishuka, akazungusha kwa mkono vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele, kisha mimi nikavuta kile kirungu kifupi cha gia ndogo, tukapanda. Udongo mweusi wa mbuga za Simanjiro mvua ikinyesha hauna huruma na gari lolote, na nasema kwa moyo mmoja kwamba sijaona gari la bei ile lililoufahamu kama Hilux ile.

Terrat, Emboreet, Loiborsoit, Orkesumet: huko kote watu walilijua gari kwa mlio. Ndama aliyechanjwa alivishwa hereni sikioni, na baada ya misimu michache wanunuzi mnadani walianza kumtafuta mwenye hereni na kumlipia zaidi. Wafugaji waliokuwa wananitazama kwa mashaka wakaanza kunitumia vijana kuniuliza, "Daktari, unakuja lini kwetu?"

Mwaka 2007 ulitufundisha thamani ya bodi la wazi kwa namna nyingine. Homa ya Bonde la Ufa iliingia baada ya mvua kubwa, mifugo ikatupa mimba, na nchini watu zaidi ya 100 wakafariki. Ugonjwa ule humpata mtu kwa mbu, na pia kwa kushika damu au mimba iliyotupwa ya mnyama mgonjwa. Kila kilichogusa mnyama kilikwenda nyuma: buti, aproni, ndoo, kasha la sampuli. Jioni niliosha bodi kwa dawa kabla sijaingiza gari nyumbani. Kisha ukaja ukame wa 2009, na mwaka huo gari lilibeba pumba na majani makavu kuliko dawa. Nimeona wazee wa Longido na Simanjiro waliokuwa na zizi lililojaa wakibaki na wanyama wa kuhesabu kwa vidole. Siku zile sikumdai mtu ada.

Kwa sababu ya yote hayo, nyumbani palikuwa na sheria ambayo mke wangu aliilinda kuliko mimi: watoto hawapandi bodi. Watoto wetu walikua wakibanwa kwenye kiti cha nyuma cha kabini, kile kilichosimama wima kama benchi la kanisani, na mama yao mbele akiwa na mizigo magotini. Safari ya kwa wakwe zangu Kondoa ilikuwa siku nzima. Lami iliishia njiani kabla ya Babati, na kutoka hapo ilikuwa vumbi, makorongo na milima ya Bereko. Mke wangu aliivumilia safari ile kila mwaka bila kunung'unika, na kila tulipofika alilazimika kwanza kuoga ndipo awasalimie wazazi wake.

Sasa barabara hiyo yote, Arusha hadi Dodoma kupitia Babati na Kondoa, ni lami. Nadhani wengi hawajatafakari jambo hili lilivyobadilisha maisha ya wastaafu wa kaskazini. Gari lililokuwa la lazima miaka 20 iliyopita, kwa safari zetu nyingi za leo halihitajiki.

Na Hilux nayo ilikuwa imechoka. Mkojo wa ng'ombe, magadi na dawa za kuogeshea vilikuwa vimekula bodi hadi nikaona ardhi kupitia sakafu. Chesesi ilipasuka karibu na springi ya nyuma, ikachomelewa mtaa wa Unga Limited, Arusha, ikapasuka tena pembeni ya pale pale. Fundi wangu, kijana mkweli, aliniambia, "Mzee, injini hii itakuzika. Chesesi ndiyo inayotaka kupumzika." Wakati huo huo mke wangu alianza kusumbuliwa na magoti. Tulikuwa tunakwenda kliniki Moshi, na nikawa namsaidia kupanda kabini kwa kumsukuma na kigoda. Siku moja pale kliniki muuguzi alileta kiti cha magurudumu akidhani ametoka kwenye ajali. Hapo nilijua hesabu ya gari inaanza upya, na anayehesabiwa ni yeye.

Hilux mpya zaidi sikuiwaza muda mrefu. Bei yake haishuki, kwa sababu kila mwenye shamba anaitaka. Prado niliitamani, lakini mafuta yake si ya mtu anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne na maziwa ya ng'ombe watatu. RAV4 ya kizazi cha tatu, injini ya petroli ya lita 2.4, niliiagiza Japani. Huko magari huuzwa yakiwa bado mazima, kwa kuwa ukaguzi wa lazima, wa kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, unawagharimu wenyewe. Nilimtaka wakala anitumie karatasi ya mnada yenye daraja la gari na michoro ya kila mkwaruzo, nikaisoma kama ninavyosoma majibu ya maabara. Mstaafu mwenzangu anayepanga kuagiza ajue hili: bei ya gari ni nusu ya habari. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini na kwa uzee wa gari, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Kikokotoo cha TRA kipo kwenye mtandao. Piga hesabu kabla hujatuma hata shilingi.

Lilipofika, redio ilikuwa haishiki stesheni zetu nyingi, maana masafa ya Japani yanaishia chini ya yetu, na sauti ya kike ilikuwa ikituambia jambo kwa Kijapani kila tulipowasha. Wajukuu walipenda sana. Mke wangu alifungua mlango, akakaa, kisha akainua miguu kuingiza. Hakuhitaji mkono wangu. Aliniangalia akasema, "Mzee wangu, kumbe magari yako hivi?" Nilishindwa kumjibu mara moja.

RAV4 ina mipaka yake. Haina gia ndogo. Kitufe chake cha kufunga nguvu ya magurudumu manne hujiachia mwendo ukipita kilomita 40 kwa saa, na tumbo lake liko chini kuliko nilivyozoea. Simanjiro ya masika siipeleki. Lakini Juni iliyofuata tulikwenda Kondoa sote, na kwa mara ya kwanza tulichepuka Kolo kutazama michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nilikuwa nimepita njia panda ile miaka yote bila kusimama, maana ilikuwa lazima tufike kabla ya giza. Njia ya mawe niliipanda polepole, kipande cha mwisho tukatembea, bibi akabaki kivulini na mjukuu mdogo. Mle mwambani kuna twiga na tembo waliochorwa na watu waliowatazama wanyama kwa makini kweli. Nilikaa pale muda mrefu.

Hilux ilinunuliwa na daktari kijana wa Orkesumet. Nilimkabidhi na ile fremu ya mbao. Amebadilisha bodi, chesesi ameitia vyuma viwili, na anachanja ndama nayo hadi sasa.

Neno langu la mwisho ni kwa vijana wenzake, madaktari na wahimilishaji, ambao wengi wameanza kazi kwa magari kama hili langu la sasa kwa kuwa pikapu ni ghali. Msibebe mtungi wa naitrojeni kwenye gari lililofungwa mkiwa ndani yake. Kama hamna gari lingine, shusheni vioo vyote mwendo mzima, mtungi ufungwe wima, na msilale humo wala kumwacha mtoto humo hata dakika moja. Mkiweza, ungeni fedha wawili watatu, mnunue pikapu moja kuukuu.