Kumbukumbu ya Kompyuta na Daftari la Babu



Wengi wenu mmeniuliza kwa nini kazi ya daftari la babu imekwama. Niliahidi kwamba kila mwezi nitaweka hapa kurasa 10 pamoja na majina ya watu waliotajwa ndani yake. Kurasa nimeziweka, majina sikuyaweka. Leo naeleza sababu, na sehemu ya kosa iliyo yangu.

Kwa wasiolijua, hilo ni daftari la madeni ya duka la Wete, Pemba, kuanzia mwaka 1949 hata 1954. Ndani yake mna watu waliochukua unga, sukari na mafuta ya taa, wakaahidi kulipa msimu wa karafuu. Babu aliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, bila ya kutia irabu. Sisi tuliosoma chuoni twaweza kuzisoma herufi zake, lakini kuyajua majina ni jambo jingine. Katika maandishi ya kale, herufi moja ya be ilibebeshwa sauti za b, p na mb, na wau ikasomwa o au u. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwa kafu, wau na be laweza kuwa Kombo, na laweza kuwa Kopo, lakabu ya mtu. Ajuaye ni yule aliyewaona wenyewe wakiingia dukani, na aliyebaki katika hao ni Shangazi peke yake, aliyeko Unguja, mwenye umri wa miaka 86.

Hapa Doha hatuna uhaba wa nyaraka. Qatar Digital Library, iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na British Library, imetuwekea bure maelfu ya kurasa za serikali ya Kiingereza juu ya Ghuba na Oman. Nimezisoma kwa hamu. Humo wamo masultani na mabalozi. Mkopaji wa kibaba cha unga huko Wete hamo. Yeye yumo katika daftari letu tu.

Basi kila Ijumaa baada ya Alasiri nilikuwa nikizungumza na Shangazi kwa video. Mjukuu wake humkalisha mbele ya kompyuta, nami humwonyesha ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kompyuta yangu mpakato ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Nikifungua kurasa chache tu, picha huganda na sauti hukatika. Humsikia kwa mbali: “Mwanangu, umekwenda wapi?” Hata mambo yakirudi sawa, bibi wa watu amekwisha kuchoka. Nililaumu intaneti. Dukani nilikokwenda kwanza niliambiwa kwamba mashine hiyo haifai tena, ninunue mpya. Mfuko wa karani mstaafu mnaujua. Nikaahirisha mwezi, kisha mwezi mwingine.

Hatimaye nilimpata fundi kijana kutoka Kerala, katika duka dogo mtaani Najma. Hakuigusa bisibisi. Alinitaka kwanza nifungue kurasa zangu kama nizifunguavyo nyumbani, kisha akafungua dirisha lionyeshalo matumizi ya mashine. Kumbukumbu ilikuwa imejaa kwa asilimia 96, na diski ilikuwa ikihangaika bila kupumzika. Intaneti haikuwa na neno.

Jambo lenyewe alilieleza kwa mfano wa ofisi, nami nikaona haya kwamba sikulifikiria. Diski ni kabati la mafaili. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza. Meza ikijaa, karani hana budi kurudisha faili moja kabatini kabla ya kutoa jingine. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo: huazima sehemu ya diski iwe kama meza, na diski ni nzito mno kwa kazi hiyo.

Niliporudi nyumbani nikapiga hesabu. Ukurasa wa ukubwa wa A4, ukipigwa kwa skana kwa nukta 600 kila inchi, una pikseli takriban milioni 35, na kila pikseli huchukua baiti 3. Huo ni ukurasa mmoja, megabaiti 100 na zaidi. Faili likiwa limehifadhiwa ni dogo, kama mkeka uliokunjwa. Likifunguliwa, hutandazwa chumba kizima. Kurasa 20 ni gigabaiti 2, kabla ya kumweka Shangazi mwenyewe.

Fundi akatia vipande viwili vya gigabaiti 8, kwa malipo yasiyofika robo ya bei ya mashine mpya. Mwenye nia ya kufanya hivyo aangalie mambo matatu. Kwanza, aina ya kipande: DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Pili, kompyuta nyingine nyembamba zina kumbukumbu iliyochomelewa, haibadilishwi. Tatu, mfumo wa biti 32 hautumii zaidi ya gigabaiti 4 au pungufu kidogo, hata ukiongezewa. Na msisahau kwamba kumbukumbu hii hupotea yote umeme ukizimwa; kisichohifadhiwa kwenye diski hakipo.

Ijumaa iliyofuata tulisoma kurasa 11 bila ya kukatika. Yule wa kafu, wau na be aligeuka kuwa Kopo. “Alikuwa akija na kopo lake lile lile lililobonyea,” akasema Shangazi, akacheka mpaka akafuta macho.

Kisha tukafika ukurasa wa 37, penye Bakari na jina la pili lenye be mbili tu. Huyu alikuwa amekwisha kunieleza miezi minne nyuma, siku ambayo sauti ilikatika. Katika karatasi yangu ya siku hiyo nimeandika: “Huyu ndiye aliyempokea babu yako aliposhuka jahazini, akamlaza kwake. Nyumba yake ilikuwa...” Nilijiambia kwamba nitamwuliza tena wiki ijayo.

Shangazi aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Akasema, “Huyu simjui, mwanangu.”

Nikamsomea maneno yake mwenyewe. Akatikisa kichwa kwa upole, akaniuliza kama nimekwisha kula.

Ndugu zangu, huenda ni Bakari Papa, huenda ni Bamba au Baba. Ikiwa katika nyumba zenu, Muscat, Mombasa, Dubai au kwengineko, yupo aliyesikia habari za mtu aliyempokea mgeni kutoka Oman huko Wete, naomba aniandikie. Nasi tunaendelea kila Ijumaa, madhali Shangazi angali akikaa mbele ya kompyuta.