Muke Bila Jina la Mtoto

Kwetu Bukavu, mwanamke akisha kuzala, jina lake la ubatizo linawekwa kando. Wakwe, majirani, hata wauzaji wa soko la Kadutu wanamuita Mama Furaha, Mama Amani. Ni heshima, nasi hatuikatai. Lakini heshima hiyo njo inamuumiza yule ambaye mwaka wa nne wa ndoa angali anaitwa bibi ya fulani. Upande wa bwana wanaanza kuhesabu ng'ombe za mali, na neno tasa linatamkwa mbele hajapimwa na munganga yeyote.

Mdogo wetu wa kike alipita njia hiyo. Mwezi ulikuwa unamfikia paka mara nne kwa mwaka, nywele zikamwota kwenye kidevu. Mashangazi walisema amerogwa. Alikunywa mizizi michungu, alifunga na kuomba, miaka mitatu ikaisha. Ekografia na vipimo vya damu njo vilionyesha: sindromu ya ovari polikistiki.

Jina linaogopesha bure. Vile vinavyoonekana si uvimbe mbaya. Ni vifuko vidogo vya mayai vilivyosimama kabla ya kukomaa. Ovari inatoa homoni za kiume kupita kiasi, na mara nyingi mwili hauitikii insulini vizuri. Insulini ikizidi, inasukuma ovari kutoa homoni hizo zaidi. Yai halitoki, basi mimba itatoka wapi? Vitabu vyetu vya biolojia vinachora yai likitoka siku ya 14, kama treni ya Wabeleji!

Wengine wanasema ni ugonjwa wa wasichana wa siku hizi. Hapana. Stein na Leventhal, waganga wa Chicago, waliueleza mwaka 1935. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unapata wanawake 10 mpaka 13 kwa kila 100 wenye umri wa kuzala, na wengi wao hawajui. Wengi hao wanaweza kuzala, kwa kuchelewa ao kwa msaada. Si utasa.

Dawa ziko. Vidonge vya letrozoli vinasaidia yai kutoka. Mwenye uzito mkubwa, akipunguza hata kidogo, mwezi unaweza kurudi. Hata asiyetafuta mtoto afuatwe na munganga, sababu kisukari kinamvizia, na kukaa miezi mingi bila damu kunaweza kuleta kansa ya tumbo la uzazi.

Tulidai pia bwana apimwe mbegu. Kelele zilizotokea katika baraza la ukoo! Eti muke wa Bushi amupeleke mwanaume laboratware? Mwenyewe alisimama, akasema ataenda. Akaenda.

Mdogo wetu angali kwenye matibabu. Mwezi unakuja sasa kila siku 34 ao 35, anauandika kwenye kalenda ya parokia. Mimba bado. Baba mkwe wake, aliyekwisha kumtafutia kijana wake bibi wa pili, amekubali kungoja mwaka mmoja.