Dawa ya Kuku na Dawa ya Mtoto

Sisi tunaoandika haya ni mume na mke, wenye watoto wanne na kuku ishirini na sita. Kuku hao ndio wanaotulipia ada ya shule. Basi msishangae kwamba siku walipoanza kukoroma na kuinamisha vichwa, nyumba nzima ilifadhaika.

Hatukumwita mganga wa mifugo. Tulikwenda sokoni, penye meza ya dawa, tukanunua vidonge vya tetrasiklini, vile vyekundu na manjano ambavyo kila mtu anavijua. Tukavifungua, tukatia unga wake katika maji ya kuku. Kumi na mmoja walikufa hata hivyo. Vidonge vilivyobaki tukaviweka juu ya kabati, maana fedha haitupwi.

Baada ya majuma machache mtoto wetu wa tatu akashikwa na homa na maumivu ya tumbo. Mkono ukaenda wenyewe juu ya kabati. Siku ya pili homa ikapungua, nasi tukaacha dawa. Siku ya sita ikarudi kwa nguvu. Hospitalini wakampima damu, wakaona ni homa ya matumbo. Dawa ya kwanza haikufaa, wala ya pili. Ya tatu, ya sindano na ya bei kubwa, ndiyo iliyomponya. Daktari akauliza: «Mama, nyumbani mmetumia dawa gani?» Mama akajibu: «Dokta, unauliza ya mtoto au ya kuku?» Daktari hakucheka. «Zote mbili,» akasema.

Hatusemi kwamba kuku walimwambukiza mtoto; daktari mwenyewe hakusema hivyo. Alitueleza tu kwamba dawa ikitumiwa ovyo, vijidudu dhaifu hufa, na vile vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Tena vijidudu hupeana ukinzani huo, hata vya namna mbalimbali, navyo hupita katika mbolea, maji, nyama na mikono yetu. Havijui mpaka wa zizi na nyumba. Kwa hesabu za wataalamu, mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu dawa zilishindwa na vijidudu vya namna hiyo.

Tulitaka kujua kama kuna nchi iliyowahi kulishika jambo hili pande zote mbili. Ipo: Denmark. Wafugaji wa huko walikuwa wakiwalisha kuku na nguruwe avoparsini ili wanenepe upesi, nayo ni ndugu wa vankomisini, dawa ambayo hospitali huiweka kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 1995 serikali iliikataza. Mwaka uo huo waganga wa watu na waganga wa mifugo walianza kuandika hesabu zao katika taarifa moja, nayo hutolewa kila mwaka. Mganga wa mifugo naye akazuiwa kupata faida kubwa kwa kuuza dawa alizoziandika yeye mwenyewe. (Sheria hiyo ingeleta kilio kwenye meza nyingi tunazozijua!) Walipoacha kabisa dawa za kunenepesha, karibu na mwaka 2000, watoto wa nguruwe waliharisha zaidi kwa muda, lakini ufugaji haukufa, bali ulizidi kukua.

Mwezi Mei 2015, huko Geneva, mataifa yalikubaliana kwamba kila nchi itunge mpango wake, wa watu na wa wanyama pamoja. Mpango ulioandikwa ni jambo jema. Sisi tunatazama wilaya yetu.

Mwezi uliopita kuku watatu waliinamisha tena vichwa. Mmoja wetu alitaka kukimbilia sokoni. Mwenzake alikuwa ameficha fedha. Tukaenda kwa mganga wa mifugo. Akatuambia kwamba huenda ni kideri, ugonjwa usioponywa na tetrasiklini hata kidogo, ila huzuiwa kwa chanjo kabla haujaingia. Tukamwuliza kama hospitali ilimpa habari za homa ile isiyosikia dawa. Nyumba yake na hospitali ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia neno lolote, akatuletea viti, nasi tukamsimulia.