Maziwa ya Kilo Saba na Nusu

Katika chama kimoja cha ushirika cha maziwa, wenye ng'ombe wengi hawakuwa na malalamiko. Waliopiga kelele kila mwisho wa mwezi ni wale wa ng'ombe mmoja, wajane na wazee wanaokata nyasi za nepia kandokando ya barabara. Kadi zao, zilizojazwa kwa kalamu kila asubuhi, zilisema hivi. Karatasi ya malipo iliyotoka kwenye kompyuta ikasema vingine, na daima ilisema kidogo. Kuna siku nzima zilizoonyesha sifuri. "Maziwa yetu yanaliwa," walisema, na kila mtu alijua anayesemwa ni karani wa mizani.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Nkubu bila kazi. Kampuni iliyoniajiri Nairobi ilipunguza watu, kodi ya nyumba ikanishinda, nikafunga virago. Rafiki niliyesoma naye Nchiru, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ndiye aliyenitajia chama hicho cha ushirika, huko juu ya Runyenjes upande wa Embu. Aliyewaandikia programu ya malipo alikwishaondoka na hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Mapatano yalikuwa ya mdomo: nikiiona hitilafu nalipwa, nisipoiona nauli ni hasara yangu. Basi nikawa napanda matatu alfajiri, Chuka, daraja la Thuci, Runyenjes, kwa pesa za kukopa.

Programu ilikuwa ya lugha ya C, na ukiisoma huoni kosa. Mizani ilituma uzito kwa sehemu za kumi za kilo, kwa hiyo kilo saba na nusu ni 75. Nikiiandika 75 kwa mkono ofisini, hesabu inatoka barabara. Nikirudia, barabara tena. Kamati wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mjumbe mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nina undugu na karani. Karani mwenyewe alikuwa amesimamishwa kazi, na wanawe shuleni walikuwa wakiitwa watoto wa mwizi. Stima nayo ilikuwa ikipotea mchana kutwa. Mama akinipigia simu nilimwambia kazi inaendelea vizuri, kisha nikikata nakaa tu. Kuna usiku niliomba kwa machozi, sitaficha.

Kilichonivusha ni kuacha kukisia. Wengi wetu katika kazi hii hutapanya amri za kuchapisha namba kila kona ya programu, kisha husoma lundo la matokeo wakitumaini kosa litajitokeza lenyewe. Kuna chombo cha kusaka makosa ya programu kinachoitwa GDB, kilichoanzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1986. Ni cha bure, hakihitaji intaneti, na hata kipakatalishi kikuukuu hukibeba bila shida. Unaiambia programu isimame kwenye mstari unaoutaka wewe, ikiwa hai. Unaiuliza kila kigezo kina thamani gani kwa wakati huo. Kisha unaisogeza mbele mstari mmoja mmoja. Unaweza hata kuiwekea sharti, isimame tu uzito ukiwa chini ya kilo kumi. Hilo ndilo nililoliweka, maana kelele zote zilitoka kwa wenye maziwa kidogo.

Nikakibeba kipakatalishi hadi kituo cha kupokelea maziwa na kukiunganisha na mizani yenyewe. Kulikuwa na ukungu, vidole vimekufa ganzi. Shosho mmoja akaweka mkebe wake. Kioo cha mizani kikaonyesha 7.5. Programu ikasimama. Nikauliza mizani imeleta nini, nikajibiwa "075". Nikasogea mstari mmoja, nikauliza tena. 61.

"Mwanangu, mbona umeacha kupumua?" shosho akauliza.

Ile sifuri ya mbele ndiyo iliyokuwa ikila maziwa. Ofisini hakuna aliyeiandika, lakini mizani ilituma tarakimu tatu kila mara, hivyo chini ya kilo kumi ilijaza nafasi kwa sifuri. Mwandishi wa programu alitumia amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, akaiachia iamue yenyewe ni namba za aina gani. Katika C, amri hiyo ikiona sifuri mwanzoni huhesabu kwa msingi wa nane: saba mara nane, jumlisha tano, 61. Kilo saba na nusu zikawa sita na kidogo. Na kwa kuwa msingi wa nane hauna tarakimu 8 wala 9, aliyeleta kilo nane au tisa aliandikiwa sifuri kabisa. Hizo ndizo siku ambazo kamati ilidai karani alizifuta. Mwenye kilo kumi na zaidi hakuguswa hata chembe.

Marekebisho yalikuwa tarakimu moja: kuiambia amri ihesabu kwa kumi. Kazi nzito ilikuwa kadi. Tulizikusanya, tukapiga hesabu upya mwezi kwa mwezi, na karani akaitwa aje asaidie kuusoma mwandiko wake. Alikuja, akafanya kazi siku nzima bila kusema na mjumbe yeyote. Sikumlaumu. Mwenyekiti alitaka tangazo liseme tu kwamba "mtambo ulikuwa na hitilafu". Nilikataa. Anayeitwa mwizi hadharani husafishwa hadharani, kwa hiyo tangazo likaeleza sifuri ile ilivyofanya na likasema waziwazi kwamba karani hakuchukua kitu.

Orodha ya wanaodai ilipobandikwa, mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alikuja ofisini na kadi yake, akitaka kujua yeye analipwa shilingi ngapi.

"Hakuna, mzee," nikamwambia. "Maziwa yako hayajawahi kushuka chini ya kilo kumi."

Alitaka nihesabu tena. Nikahesabu.