Upepo wa Injini

Kule Changamwe, Mombasa, nilikojifunzia kazi ya gereji, hakuna aliyeuliza upepo wa lori unatoka wapi. Unatoka kwenye injini. Kompresa imefungwa ubavuni mwa injini, inazungushwa kwa gia au mkanda, inajaza matangi, na matangi yanalisha breki. Mabasi na malori yenye mifuko ya upepo badala ya springi yalichota humo humo, breki zikishapata haki yake. Presha ikifika kiwango chake gavana huiachisha kompresa kusukuma, ikishuka huirudisha kazini. Nilidhani kila gari linalobebwa na upepo limetengenezwa hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilihamia Houston, Texas, nikapata kibarua katika gereji ya mzee mmoja wa asili ya Meksiko. Kazi yake ilikuwa kuzishusha pikapu. Vijana walileta Chevrolet S-10, Mazda B2200 na Nissan ndogo, nasi tunang'oa springi, tunakata chesisi juu ya ekseli ya nyuma ili ekseli ipate nafasi ya kupanda, kisha tunafunga mifuko ya mpira mizito iliyotokana na ile ya mabasi na malori. Gari likiegeshwa, upepo hutolewa, na chesisi inalala chini kabisa. Dereva akitaka kuondoka anabonyeza swichi, gari linanyanyuka. Niliipenda kazi hiyo tangu siku za mwanzo. Ilikuwa na hesabu nyingi kuliko watu walivyodhani: pembe ya shafti, mkao wa matairi, mahali mfuko utakapogusa chuma ukijaa.

Kilichonishangaza ni chanzo cha upepo. Magari mengi yalitegemea pampu ndogo ya umeme wa volti 12, iliyofichwa chini ya bodi au nyuma ya kiti. Kila gari linaposhuka, upepo unaachiwa nje na hauwezi kurudishwa. Kila linapopanda, tangi linapungua. Kijana akicheza na swichi zake mbele ya wenzake kwenye maegesho jioni ya Jumapili, tangi la galoni 5 humwishia upesi. Halafu anakaa kusubiri. Pampu inanguruma, inachemka, inafyonza betri. Nyingi za bei nafuu ziliruhusiwa kufanya kazi theluthi moja tu ya muda, yaani dakika 20 katika saa, na aliyezilazimisha zaidi aliziunguza. Tulikuwa na ndoo nzima ya pampu zilizokufa.

Mzee alikuwa na dawa yake, nayo ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Alikwenda kwenye viwanja vya magari chakavu kutafuta kompresa za York, zile za kiyoyozi zilizofungwa kwenye Ford, Jeep na Volvo za miaka ya 1970 na 1980. York ni kipande cha mraba chenye pistoni mbili, sura yake kama injini ya pikipiki isiyo na kabureta. Ile kubwa, York 210, husukuma inchi za ujazo 10 hivi katika kila mzunguko. Fanya hesabu kwa mizunguko 1,500 kwa dakika: unapata karibu futi za ujazo 9, kabla ya kuondoa hasara. Pampu ya umeme ya wakati ule ilitoa moja au mbili. Tangi lililokuwa likimla kijana dakika nyingi za kusubiri lilijaa huku akifunga mkanda wa kiti.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa ujazo. Kompresa nyingi za kiyoyozi hupata oili kupitia gesi inayozunguka ndani ya mfumo. Ukizilisha hewa ya kawaida zinakauka na kujisaga. York ina karteri yake yenye oili yake, kama injini. Ukiitoa kwenye gesi na kuipa hewa yenye chujio, itaendelea kufanya kazi miaka. Klachi yake ya sumaku ilikuwa tayari mahali pake. Tuliiunganisha na swichi ya presha: tangi likijaa klachi inaachia, puli inazunguka peke yake bila kuibebesha injini mzigo.

Ugumu ulikuwa kuifunga. Hapakuwa na kishikio cha kununua kwa kila injini, kwa hiyo tulikata bamba nene la chuma na kuchomelea wenyewe. Puli ya York ilipaswa kukaa mstari mmoja na puli za injini. Ikipishana kidogo tu mkanda unalia, unachanika, na ukikatika huenda ukaondoka na pampu ya maji au alteneta. York pia hutetemeka sana, kwa hiyo kishikio chembamba hupasuka. Mzee aliweka rula ndefu ya chuma kwenye puli, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akasema: "Bado." Tukafungua tena boliti zote.

Kisha kulikuwa na oili. York hurusha oili kidogo pamoja na upepo, na oili hiyo ikifika kwenye vali za umeme huzinatisha. Tulifunga kitenganishi kati ya kompresa na tangi, na mrija wa kuirudisha oili kwenye karteri. Maji nayo hayakukosekana. Hewa ya Houston ina unyevu mzito kama ya Mombasa wakati wa masika, na ukiikandamiza maji hubaki tangini. Hapo niliwazidi wenzangu: mtu aliyelelewa na breki za upepo hufungua koki ya chini ya tangi bila kukumbushwa.

Mabadiliko yalianzia kwenye viwanja vya magari chakavu. Ufundi wetu uliishi kwa mabaki ya ufundi mwingine, na huo mwingine ulikuwa umeshahama. Watengenezaji wa magari walikuwa wameiacha York zamani, kwa uzito na mtetemo wake, wakachukua kompresa za mviringo zilizo laini zaidi. Miaka ya 1990 gesi ya kiyoyozi yenyewe ilibadilishwa, kutoka R-12 inayoharibu tabaka la ozoni kwenda R-134a, na magari ya zamani yakazidi kupelekwa kusagwa. Kila mwaka safari ya mzee ilileta York chache zaidi, tena zilizochoka. Tulijaribu Sanden, kompresa ya Kijapani iliyo ndogo na tulivu, lakini hiyo haina karteri. Ilitubidi kuidondoshea oili kwenye hewa inayoingia, na aliyesahau kujaza kikombe cha oili aliiua.

Upande wa pili pampu za umeme zilikua kweli. Zikaja zinazoweza kufanya kazi mfululizo, watu wakafunga mbili pamoja na alteneta kubwa. Injini mpya zikawa na mkanda mmoja mrefu unaopita kila puli, na nafasi ya kupachika kitu kingine ikatoweka. Ram 1500 ya mwaka 2013 iliweza kuagizwa kutoka kiwandani ikiwa na mifuko ya upepo pembe zote nne. Kwenye pikapu ya umeme hakuna hata mkanda wa kuuomba.

Sijawahi kukubali kwamba umeme ulishinda kwa ubora. Kwa gari la kuegeshwa na kutazamwa, sawa. Kwa pikapu inayobeba mzigo, inayovuta trela, inayojaza matairi shambani, injini bado ndiyo inayostahili kusukuma upepo, na wenye Jeep za porini wanalijua hilo mpaka leo. Wateja wangu wenye injini za zamani huwa nawauliza kwanza wanabeba nini, kisha nafungua boneti kuona kama pana nafasi. Ikiwepo, nawafungia York, na pampu ya umeme naiacha ndogo, ya kunyanyua gari injini ikiwa imezimwa.